Neno Nililolimeza

Daktari alisema: wiki mbili, huenda tatu.
Nilikuwa na miaka kumi na minne,
theluji ya Pittsburgh ikiniyeyukia mabegani.
Nikamgeukia Bibi, nikamwambia:
Anasema ule vizuri. Anasema upumzike.

Baba akatazama dirisha.
Kiingereza chake kilitosha kiwandani, kilitosha benki,
pale hakikutosha.
Mama alitafuta kitu mkobani, hakukipata,
akaendelea kutafuta.

Kwetu hatumwambii mgonjwa kwamba anakufa.
Kwao, kumficha ni kosa.
Nami nimesimama katikati kama mlango
unaosukumwa na watu wa pande zote mbili.

Bibi akanishika kidole gumba.
"Daktari yule," akasema, "ana maneno mengi sana
kwa mtu anayetaka nilale tu."

*

Kitanda cha umeme kililetwa na lori siku ya Jumanne.
Kochi likahamia gereji.
Ikaja na mashine ya hewa, na karatasi ukutani: MOTO MARUFUKU.
Mama akaizima taa ya samli mbele ya miungu,
akawasha ya betri, ya dola moja,
mwali wake ukicheza kama wa kweli
kwa asiyeusogelea.

Kisha akaja Darlene, muuguzi,
mjukuu wa wachimba makaa.
Aliviona viatu vyetu mlangoni, akavua vyake.
Hakuanza na maumivu, sifuri hadi kumi.
Aliuliza: mama huyu alilima nini?

Nikatafsiri neno kwa neno,
mara ya kwanza bila chujio.
Bibi akafumbua macho.
Iliki. Iliki na machungwa, kule Bhutan, kabla hatujafukuzwa.
Akasimulia saa nzima: mteremko, mto, ng'ombe mwenye pembe moja.
Miaka kumi na minane ya kambini
akaivuka kwa sentensi moja.

Barazani, akifunga kamba za viatu, Darlene akaniambia:
"Kesho nitatafuta mkalimani.
Wewe keti, uwe mjukuu."

*

Mkalimani alikuwa sauti ndani ya simu,
mwanamume wa Columbus, lafudhi ya vilima vyetu.
Akauliza kwa adabu, kama abishaye hodi:
Bibi, ungependa kuelezwa, au aelezwe mwanao?

"Mwelezeni Khem. Mimi ninajua
tangu majani yalipoanza kudondoka.
Na Sarmila anajua kwamba ninajua.
Tumekuwa tukidanganyana kwa heshima."

Nilikwenda jikoni, nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

*

Usiku ule wa mwisho Baba alisema ashushwe.
Mtu hakati roho akiwa hewani; ardhi impokee.
Kitanda kikanguruma, kikashuka, kikagoma,
shibiri mbili kutoka sakafuni.
Niliogopa Darlene atataja kanuni.
Aliuliza: mkeka uko wapi?
Akapiga magoti, akabeba upande wa kichwa,
bomba la hewa likafika kwa shida.

Baba akadondosha maji ya Ganga
kutoka chupa ya dawa ya kikohozi
iliyovuka bahari ndani ya soksi.
Mama akaweka mdomoni jani la kivumbasi
lililoota kwenye kopo, juu ya hita.
Hatukulia kwa sauti. Jirani wa chini hulala mapema.

*

Baba alinyoa kichwa, akavaa nyeupe,
siku kumi na tatu akala bila chumvi.
Kiwanda kilimpa siku tatu.
Darlene aliandika barua; zikawa saba.
Sita zilizobaki alizifanya akiwa kazini,
kofia ikifunika upara, mkate mkavu mfukoni.

Kitanda kilirudishwa. Zulia lina mashimo manne
na Mama hataki kochi lirudi juu yake.

Bibi aliishi wiki tano. Daktari alikosea,
lakini sentensi yake sijaitafsiri hadi leo.
Iko hapa kooni,
bado kwa Kiingereza.